Mapitio ya maandiko: niliyojifunza kwenye tasnifu ya mwani, Bagamoyo

Wanafunzi wanaokuja nyumbani kwangu hapa Bagamoyo kuomba msaada wa tasnifu karibu wote wamekwama sura ya pili. Sura ya kwanza huandikika, maana mtu anaeleza tatizo analoliona kwa macho yake. Sura ya tatu ina taratibu zake zinazojulikana: eneo la utafiti, sampuli, dodoso. Ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, ndiyo inayomkalisha mtu miezi akipakua makala, akizisoma nusunusu na kuzipanga moja chini ya nyingine mpaka kurasa zijae. Kisha msimamizi anazirudisha zikiwa na swali fupi pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kwa hiyo?"

Naandika nilivyoifanya yangu, na ninavyowaelekeza wadogo zangu sasa, kwa sababu sura hii naiheshimu sana. Humo ndimo mtu anapoanza kuwa mtafiti. Data kila mwenye subira atakusanya. Kusoma kazi za watu wasiokubaliana, ukamwelewa kila mmoja kwa haki, kisha ukasema wazi wewe unaona nini na kwa nini, hiyo ni kazi ya kiwango kingine, na kuna furaha kubwa ndani yake ambayo wanafunzi wengi wanaikosa kwa sababu hakuna aliyewaonyesha.

Mada yangu ya shahada ya uzamili ilikuwa mwani, hasa kwa nini unafia shambani. Kusini mwa mji wetu, ukishapita Kaole na Mbegani, kuna kijiji cha Mlingotini, na huko wanawake wanalima mwani kwenye maji ya kina kifupi. Wanachimbia vigingi mchangani, wanavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, wanafunga vipande vya mbegu kwa vijikamba vidogo, kisha wanasubiri kiasi cha wiki sita wavune. Kazi yote inafuata bamvua. Maji yakitoka sana ndipo shamba linafikika kwa miguu. Mbegu ni za aina mbili. Kuna kotonii, inayolipa vizuri zaidi, na spinosamu, ambayo ni ngumu lakini bei yake iko chini. Kotonii ndiyo inayosumbua. Inageuka nyeupe, inalegea, inakatika, na mawimbi yanaichukua.

Nilipompelekea msimamizi wangu mada hii hakuniambia nisome makala ngapi. Alisema: "Nenda kanitafutie wanaobishana. Nani anasema mwani unakufa kwa sababu gani, nani anamkatalia, na kila mmoja ameshika ushahidi gani. Ukirudi na hilo, sura ya pili imeshakaa nusu."

"Sawa, Dokta," nikaitikia, na kwa kweli sijapata maelekezo bora kuliko yale hadi leo. Ukienda kutafuta "maandiko kuhusu mwani" utazama, maana hayana mwisho. Ukienda kutafuta mabishano kuhusu kifo cha kotonii, kila makala unayoifungua inabidi ijieleze: uko upande gani, na umeleta nini?

Kabla ya kukaa kwenye kompyuta nilikwenda Mlingotini kusikiliza. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima ameketi kivulini anafunga mbegu kwenye kamba, vidole vinakwenda vyenyewe bila yeye kuviangalia. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nikamuuliza kuhusu joto, maana joto ndilo lililotawala kila nilichokuwa nimesikia redioni na semina.

"Mwanangu," akasema, "jua la kaskazi linaua, hilo usibishe. Lakini ule wangu wa kule karibu na mikoko unanifia masika, maji ya mvua yakishuka. Sasa niambie wewe uliyesoma, masika kuna joto gani?"

Kwenye orodha yangu ya maneno ya kutafutia kulikuwa na joto la bahari na mabadiliko ya tabianchi. Jioni ile niliongeza chumvi ya maji, mvua na tope, na maneno hayo yakanifungulia kundi zima la tafiti. Maneno ya mama yule sikuyanukuu kama maandiko, kwa sababu mapitio yanahusu kazi zilizoandikwa na zinazoweza kukaguliwa na mtu mwingine. Yeye nilimweka kwenye sura ya matokeo, mahali pake halali, pamoja na wenzake. Lakini nawaambia wanafunzi wote wanaofanya utafiti wa mambo ya watu: zungumza na wenye jambo kabla ya kusoma, utajua cha kutafuta.

Kutafuta nako kuna ufundi wake, na kwa mwani ufundi huo unaanza na majina. Mmea uleule umebadilishiwa jina zaidi ya mara moja. Wafanyabiashara wanauita cottonii, na makala za zamani zinauita Eucheuma cottonii. Mwaka 1985 Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliipa ile inayolimwa jina la Eucheuma alvarezii, na mwaka 1988 akaihamishia kwenye jenasi mpya, Kappaphycus. Spinosamu nayo leo ni Eucheuma denticulatum, zamani ikiitwa Eucheuma spinosum. Anayeandika Kappaphycus peke yake kwenye kisanduku cha kutafutia anapata kazi za karibuni na kuziacha za nyuma, zikiwemo za Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyesomea Hawaii na kuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, kabla kilimo cha biashara hakijaanza Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989. Kwangu ingekuwa dhuluma kuandika mapitio ya mwani wa Tanzania yanayoanzia miaka ya 2000, kana kwamba hakuna Mtanzania aliyeingia baharini kabla ya hapo.

Kwa hiyo niliandika majina yote, nikayaunganisha kwa neno OR la herufi kubwa, ambalo huiambia mashine ilete makala yenye jina lolote kati ya hayo. Jina la maneno mawili nililifunga kwa alama za kunukuu lisitenganishwe. Hili linafaa kwa kila fani. Anayechunguza shule za msingi za zamani atafute na "shule za kati". Anayechunguza Bagamoyo ya karne ya 19 akumbuke kwamba Waingereza, Wafaransa na Wajerumani waliiandika kila mmoja kwa tahajia yake.

Kuhusu mahali pa kutafutia sina mengi, kwa sababu hilo wengi wanalijua. Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafutia makala za kitaaluma, ni mlango mpana. AJOL, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998, ndipo nilipokuta Western Indian Ocean Journal of Marine Science, jarida ambalo kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ni hazina. Makala zinazouzwa kwa dola, uliza kwanza maktaba ya chuo chako kama imejiandikisha Research4Life. Kupitia mpango huo vyuo vya nchi kama yetu hupata majarida mengi bure au kwa bei ndogo, na sehemu yake iitwayo AGORA, inayosimamiwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, inahusu kilimo na uvuvi. Ikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe ya adabu ukimwomba nakala. Niliwaandikia kadhaa na wengi walijibu. Mtafiti hufurahi kusikia kazi yake inasomwa Bagamoyo.

Njia iliyonipa kazi nyingi kuliko zote ni ya kufuata nyayo. Ukipata makala moja nzuri inayohusu swali lako hasa, angalia marejeleo yake, uone yeye alisimama juu ya nani. Kisha kwenye Google Scholar bonyeza pale panapoonyesha waliomnukuu, uone nani amekuja baada yake na kumkubali au kumpinga. Unakwenda nyuma, unakwenda mbele. Siku unapoona majina yaleyale yanarudi, na makala mpya haziongezi sababu mpya, umefika. Acha kutafuta, anza kuandika. Tarehe na maneno uliyotumia kutafutia yaandike mahali, hata kama huandiki mapitio ya kimfumo, yaani yale yanayotafuta na kuchuja makala kwa kanuni zilizopangwa tangu mwanzo. Wale wanaoandika ya kimfumo wana mwongozo wao, PRISMA, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2020 na wenye vipengele 27 vya kutimiza, ikiwa ni pamoja na mchoro unaoonyesha makala ngapi zilipatikana, ngapi zikaachwa na kwa sababu gani. Tasnifu nyingi za uzamili hazihitaji yote hayo. Uaminifu wake, ule wa kumwambia msomaji ulitafuta wapi na uliacha nini, unahitajika kila mahali.

Sasa kusoma. Nilikuwa na kaunta buku kubwa la kwaya tatu, na ndilo lililobeba tasnifu nzima. Kila ukurasa niliupiga mistari ya kusimama kupata safu: nani na mwaka gani, wapi, alipima nini, alipima vipi na kwa muda gani, alikuta nini, anasema sababu ni nini, mimi nasemaje. Safu ya mwisho niliifanya pana kuliko zote, na nilijiwekea sharti kwamba sifungui makala nyingine kabla safu hiyo haijapata walau sentensi mbili za kwangu. Wengine wanatumia jedwali la kompyuta, na kwa marejeleo kuna programu ya bure, Zotero, inayokupangia orodha yote mwishoni. Itumie, itakuokolea usiku mwingi. Ila ile safu ya "mimi nasemaje" hakuna programu itakayokujazia.

Makala sikuisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mpangilio wake. Nilisoma ikisiri, nikaruka kwenye majedwali na michoro ya matokeo, nikarudi kwenye mbinu, utangulizi nikauacha mwisho. Mbinu ndizo zilizonifundisha zaidi. Watafiti wawili wanaweza wote kuandika "joto la maji" na wasizungumzie kitu kimoja. Maji yaliyotuama shambani wakati wa bamvua, jua likiwaka, hayana joto sawa na lile linalosomwa na setilaiti juu ya bahari pana. Mmoja anaweza kuwa amepima mwezi mmoja wa kusi, mwingine mwaka mzima. Ukiweka matokeo yao bega kwa bega bila kusema hivyo, umempotosha msomaji wako hata kama kila nukuu ni sahihi. Ukisema, tayari umeshaanza kuhukumu mabishano, na hiyo ndiyo kazi uliyotumwa.

Kaunta buku lilipokaribia kujaa nililisoma lote kwa mkupuo, siku moja ya Jumapili, na kalamu za rangi. Safu ya sababu ndiyo niliyoifuata. Makundi yakajitokeza yenyewe. Wapo wanaosema joto. Wapo wanaosema chumvi kushuka, kwa mvua na maji ya nchi kavu. Wapo wa magonjwa na mimea midogo inayoota juu ya mwani na kuudhoofisha, na hawa wengi wao wanakubali kwamba joto au chumvi ndiyo inayofungua mlango kwanza. Na wapo wanaotazama mbegu yenyewe: mwani wetu wa biashara uliletwa kutoka Ufilipino, unazalishwa kwa kukata kipande na kukipanda tena msimu baada ya msimu, na tafiti za vinasaba zimeonyesha kwamba tofauti ndani ya mbegu inayolimwa ni ndogo. Mbegu iliyokatwa hivyo kwa miongo itakuwa na nguvu gani za kuhimili bahari inayobadilika?

Hapo sura yangu ikapata vichwa vyake vidogo. Joto. Chumvi. Magonjwa. Mbegu. Hakuna kichwa kilichokuwa na jina la mtu wala mwaka. Mwaka 2002 Jane Webster na Richard Watson waliandika kwenye jarida la MIS Quarterly kwamba mapitio yapangwe kwa dhana, yasipangwe kwa waandishi, wakapendekeza jedwali linaloonyesha kila makala inagusa dhana zipi. Walikuwa wanawaandikia watu wa mifumo ya habari, mbali kabisa na vigingi vya Mlingotini, na ushauri wao ukakaa kwenye mwani bila kupunguzwa.

Mtoto wa kaka yangu yuko mwaka wa mwisho chuoni, anaandika kuhusu mwani na kipato cha wanawake. Wiki chache zilizopita alileta kurasa zake, tukakaa barazani. Aya moja ilikwenda hivi: Fulani alisema mwani umewainua wanawake kiuchumi. Naye fulani alisema mwani umewapa wanawake fedha za kusomesha watoto. Pia, Fröcklin na wenzake (2012) walisema wanawake wa mwani Zanzibar wana matatizo ya afya. Vilevile, fulani alisema bei ya mwani iko chini.

"Shangazi, kila kitu nimekinukuu," akaniambia, na ilikuwa kweli.

Nikamuuliza: hawa wa kwanza wawili walipima nini? Akafungua makala zake. Mapato. Na Fröcklin? Akasoma kwa muda. Kipato pia, lakini na hali ya afya, na mzigo wa kazi yenyewe. Basi, nikamwambia, wanaona vitu tofauti kwa sababu wamepima vitu tofauti. Liandike hilo. Akainama kwenye daftari, akafuta, akaandika, akafuta tena, mpaka ikatoka hii:

"Tafiti kwa jumla zinakubaliana kwamba mwani uliwawezesha wanawake wa pwani kushika fedha zao wenyewe. Zinaachana kwenye gharama. Zinazopima mapato peke yake huona mafanikio, lakini zinazopima pia afya na mzigo wa kazi, kama ya Fröcklin na wenzake (2012) kwa Zanzibar, huonyesha kwamba fedha hizo ni kidogo na zinalipiwa kwa mwili. Utafiti huu unaanzia hapo: unahesabu mapato ya wakulima wa Bagamoyo pamoja na saa na afya zinazotumika kuyapata."

Marejeleo yalibaki yaleyale. Hakuongeza makala hata moja. Kilichoongezeka ni yeye, kwenye sentensi ya kwanza, ya pili na ya mwisho. Ukitaka kujua kama sura yako ina uhai, soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake, kutoka juu hadi chini. Zikiwa zinaanza na jina la mtafiti zote, sura ni msafara wa watu wanaopita na wewe umekaa kando ya njia unawahesabu. Zikiwa zinaanza na madai yako, na majina yamekuja baadaye kuyashuhudia au kuyapinga, msomaji ataona unakompeleka.

Kupima uzito wa ushahidi ndiko kunakowatisha wanafunzi wetu zaidi, na sababu naijua. Tumelelewa kutomkosoa mkubwa. Mwanafunzi wa Bagamoyo atamwambiaje profesa mwenye vitabu kwamba ushahidi wake ni mwembamba? Jibu langu ni kwamba adabu na ukosoaji vinakaa pamoja vizuri sana. Unaanza kwa kueleza hoja ya mwenzako jinsi yeye mwenyewe angependa ielezwe, kwa nguvu zake zote. Unataja kilicho imara ndani yake. Kisha unasema mipaka: alipima msimu mmoja, alikuwa na mashamba machache, mahali pake hapafanani na hapa. Husemi amekosea. Unasema matokeo yake yanatufikisha wapi na yanaishia wapi. Mzee yeyote wa baraza la pwani ndivyo anavyomjibu mzee mwenzake.

Na hapo ndipo pengo linapozaliwa. Pengo la utafiti ndilo linaloandikwa vibaya kuliko kitu kingine chochote kwenye tasnifu ninazosoma. Mtu anaandika: "Tafiti nyingi zimefanyika Zanzibar, hakuna iliyofanyika Bagamoyo, hivyo kuna pengo." Msomaji makini atauliza: na kwani Bagamoyo kuna nini? Mwani wa Paje na mwani wa Mlingotini si mwani? Kutokuwepo utafiti mahali fulani hakutoshi kuwa sababu. Lazima uonyeshe kwamba mahali pako pana kitu kinachoweza kubadilisha jibu.

Kwangu kitu hicho kilikuwa maji ya nchi kavu. Mashariki ya Unguja, kulikoanza kilimo hiki na kulikofanyika sehemu kubwa ya tafiti nilizosoma, ni nchi ya mawe ya matumbawe. Mvua inazama ardhini, hakuna mto mkubwa unaomwaga pwani ile. Huku kwetu Ruvu unaingia baharini kaskazini tu ya mji, Wami nao mbele yake kule Saadani, na mvua za masika zinaleta maji yasiyo na chumvi pamoja na tope kwenye ghuba na mikoko. Kwa hiyo hitimisho lililojengwa juu ya mashamba ya Unguja, kwamba joto ndilo adui wa kwanza, linaweza kuwa sahihi kabisa kwa Unguja na likahitaji kupimwa upya upande wa bara, ambako chumvi inapanda na kushuka zaidi. Hilo ndilo lililokuwa pengo langu. Limetokana na maandiko yenyewe, yaliyosomwa kwa makini pamoja na ramani, na lilinipa moja kwa moja cha kupima sura ya tatu: joto na chumvi, shamba la mikokoni na shamba la nje, kaskazi na masika. Ukiona sura yako ya pili haijakuambia upime nini, rudi kaisome tena kaunta buku yako.

Kunukuu nako kunataka umakini. Kuna takwimu zinazotembea kutoka makala hadi makala mpaka zinasahau kwao. Idadi ya wakulima wa mwani Zanzibar, ile ya zaidi ya 20,000 na wengi wao wanawake, utaikuta kila mahali, mara nyingi kwa wakati uliopo, kana kwamba watu wamehesabiwa mwaka huu. Unapoitumia, ifuate hadi kwa aliyehesabu, uandike ilikuwa mwaka gani, maana tangu hapo bei zimepanda na kushuka na watu wameingia na kutoka. Kumnukuu mtu kupitia kwa mtu mwingine kunaruhusiwa pale tu ambapo kazi ya asili haipatikani kabisa, na useme hivyo.

Siku hizi limekuja jipya. Wanafunzi wanaziomba programu za akili bandia ziwaandikie mapitio, nazo zinaandika kwa lugha laini na marejeleo yaliyopangwa vizuri, baadhi yake ni ya makala ambazo hazikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Majarida yanayotajwa yapo kweli, majina ya waandishi yanafanana na ya watu wa fani hiyo, hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, pamoja na ofisi yao, walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi za kubuniwa zilizotoka kwenye programu ya namna hiyo. Nawaambia wanaonijia: kila rejeleo lifungue kwa DOI, namba ya kudumu inayotambulisha makala mtandaoni, au ulione kwa macho kwenye tovuti ya jarida. Lisilofunguka, litoe. Tena usinukuu usichokisoma, hata kama kipo. Msimamizi anaweza asikugundue, lakini wewe utasimama mbele ya jopo na mtu mmoja atauliza, "Huyu uliyemtaja ukurasa wa ishirini na mbili, alipima vipi?"

Kwa upande wa lugha, wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili wana kazi ya ziada na nzuri. Maandiko mengi ya sayansi yako kwa Kiingereza. Usichukue sentensi ukaigeuza neno kwa neno. Ukifanya hivyo unapata Kiswahili kisicho na mwenyewe, na mara nyingi bado ni wizi wa kitaaluma hata ukitaja jina. Soma, funga makala, mweleze jirani yako kwa mdomo alichokuta mtafiti yule, kisha andika ulivyomweleza. Nilikuwa nafanya hivyo na dada mmoja anayeuza maandazi mtaani kwetu. Asipoelewa kwa nini chumvi ikishuka mwani unakatika, nilijua kwamba mimi ndiye sijaielewa makala, nikarudi kuifungua.

Sura ya pili huandikwa tena baada ya matokeo. Data zikishatoka, baadhi ya makala ulizozipa ukurasa mzima zitaonekana hazihusiki, na nyingine ulizozigusa kwa mstari mmoja zitataka nafasi. Mimi sehemu ya magonjwa niliipunguza na ya chumvi nikaipanua. Kabla ya kukabidhi, rudia utafutaji kwa maneno yaleyale uliyoyaandika mwanzo, ukiangalia miaka miwili ya mwisho tu, na uweke arifa ya Google Scholar ikuletee barua pepe kila kazi mpya inapotoka. Ukikuta mtu ameshaliziba pengo lako, usiogope wala usimfiche: mtaje, onyesha yeye ameishia wapi, na uandike upya aya ya mwisho ya sura ili swali lako lianzie pale alipoacha.